Kamati ya Kulungu

Nimeshaona watu wakipanga mambo ya kipuuzi. Nimeona mtu akijaza kontena zima miavuli na kuipeleka Dodoma. Nimeona bwana harusi akisafirisha keki kutoka Guangzhou mpaka Mbeya, ikafika ikiwa uji. Lakini sijawahi, tangu mama yangu anizae, kuona watu wazima wenye akili zao wakikaa vikao mwezi baada ya mwezi kupanga kifo cha mnyama mmoja ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona, kwenye mlima ambao hakuna kati yao ambaye angeweza kuupanda, katika nchi ambayo nusu yao walishanyimwa viza.

Tulikuwa tunakutana Jumapili tukitoka ibadani, kwenye mgahawa mmoja wa ghorofani karibu na barabara ya Zhanqian, hapa Guangzhou. Unapanda ngazi ukipita maduka ya jumla ya suruali, maduka ya jumla ya sidiria, kisha harufu ya pilau inakupokea, unajua umefika kwa watu wako. Nasema tulikuwa tunakutana, maana nami nilikuwemo. Kazi yangu ni uwakala wa mizigo. Mfanyabiashara akitoka nyumbani namtembeza masokoni, namsemea Kichina, napokea alichonunua, nakisimamia mpaka kiingie kontena kule bandarini Huangpu. Kidato cha nne nilikisoma kwa masomo ya jioni, Dar es Salaam, baada ya kufunga meza yangu ya vitana na vioo. Kichina nacho nilikisoma jioni, hapa hapa. Elimu yangu yote iliingia nikiwa napiga miayo, na ajabu ni kwamba haijatoka.

Mwenye safari alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, mfanyabiashara wa Kahama tuliyemwita mzee wa jinzi kwa sababu ya bidhaa yake. Ni mtu mkarimu, mcheshi, mwenye tumbo linaloingia dukani likaulizia bei kabla mwenyewe hajafika. Anaishi Guangzhou zaidi ya anavyoishi Kahama. Ana kosa moja tu kubwa, nalo ni kwamba hawezi kufanya jambo bila kuangaliwa.

Binti yake wa pekee alikwenda Marekani kusomea uuguzi, akaolewa huko na kijana wa Kizungu. Walioana tu, kama mtu anavyonunua soksi. Hakukuja mshenga, haikuja barua ya posa, hakuna shangazi aliyeulizwa kitu. Mzee akakataa kwenda harusini. Alisema asiyebisha hodi kwake hatafunguliwa mlango. Binti naye amerithi kichwa cha baba yake, ambacho ukikigonga na nyundo, nyundo ndiyo utakayoipeleka kwa fundi, akanyamaza. Kimya kile kikakua. Mtoto akazaliwa, na mzee akamwona mjukuu wake kwenye simu ya mtu mwingine.

Ndipo baba mkwe wa binti, fundi bomba mstaafu, akatuma ujumbe. Alieleza kwamba kila mwaka majani yakianza kudondoka yeye hupanda mlima kuwinda kulungu wa mkia mweupe, kwenye ardhi ya umma, mahali pa mawe na makorongo ambako gari halifiki. Alimkaribisha mzee waende pamoja. Wangelala hema moja. Wakishuka, nyama ile ingeliwa nyumbani kwa watoto, wote mezani. Binti aliongeza sentensi yake chini ya ujumbe huo: *Njoo, Baba, lakini njoo wewe.*

Mzee alikuja stoo kwangu kunionyesha, macho mekundu, akidai ni vumbi la maboksi. Alikuwa ameelewa kabisa alichoambiwa. Alikielewa kwa muda wa chai kupoa. Halafu akawaeleza wenzake, na wenzake wakaunda kamati.

Sisi watu wa bara tuna ugonjwa huu na hatutaki dawa. Mtu akioa, kamati. Mtu akifa, kamati. Mtoto akipata kipaimara, kamati, yenye mwenyekiti, katibu na watu wa vinywaji. Kwa hiyo mzee mmoja alipoalikwa mlimani na mkwe wake, ikaonekana ni aibu aende kama mtu aliyeokotwa. Uenyekiti akapewa msomi wetu, kijana wa makamo anayesomea shahada ya uzamivu ya masoko, na ameisomea kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya masoko aliyoanza nayo yameshahama. Sifa yake ya kuongoza uwindaji ilikuwa kwamba akiwa shule ya msingi alipelekwa hifadhini na basi, akaona swala dirishani. Mavazi wakamwachia mama mmoja anayenunua nywele za bandia na vipodozi, mwenye sauti ya kuitia watu kutoka wilaya nyingine. Kulikuwa na watu wa usafiri, watu wa chakula, na watu wa mapambo. Ndiyo, mapambo. Niliuliza tunapamba nini, mlima? Nikaambiwa niache roho mbaya. Mimi wakanipa ukalimani, kwa kuwa Kiingereza cha mzee kinaishia kwenye rangi, saizi na tarehe ya kupakia, na cha mwenyekiti ni kizuri mno, hakieleweki.

Kikao cha ramani sitakisahau hata nikizeeka nikasahau jina langu. Mkwe alikuwa ametuma ramani ya mlima, na mwenyekiti akaunganisha kompyuta yake na televisheni kubwa ya mgahawa, ile ya watu kuimbia. Basi mlima ukatokea, kijani kibichi, mikunjo kama shuka lisilopigwa pasi, na juu yake mistari myembamba imesongamana kama nyuzi. Mwenyekiti alisimama na kijiti cha kulia tambi akaanza kufundisha. Mistari ile, alisema, ni njia za miguu. Ona zilivyo nyingi, Wamarekani wamejenga miundombinu. Mkwe alikuwa ameandika kwa maneno yake mwenyewe kwamba mistari ikisongamana hivyo maana yake ni genge la mwamba, na wasikaribie hapo. Nikawasomea. Mwenyekiti akaniambia kwa upole wa kisomi kwamba kazi yangu ni lugha, ardhi niwaachie wao. Wakaendelea kupanga mzee apite wapi, na kila walipochagua, kijiti kilitua kwenye genge. Wangemwangusha mzee mara tisa kabla ya chai ya saa nne.

Kilichowashinda kabisa ni habari ya ardhi ya umma. Mkwe alieleza kwamba ardhi ile ni ya watu wote, mwenye leseni anaingia na bunduki yake, hamwombi mtu. Kamati haikuamini. Walisema hakuna ardhi isiyo na mtu. Lazima kuna mwenyekiti wa kijiji, lazima kuna wazee wa kuonwa, na getini lazima kuna kijana mwenye kiu ya soda. Wakaniagiza nimwulize mkwe wakala wa mlima ni nani. Siwalaumu sana kwa hilo, maana Guangzhou hata kukohoa unahitaji wakala, na mimi ndivyo ninavyokula. Mkwe akajibu hakuna wakala. Wakatazamana. Huyu, wakasema, anaye wakala wake, anamficha. Basi mwambie atume sampuli.

Nilimwandikia yule mzee wa watu, fundi bomba, kwamba upande wetu unaomba kuona sampuli ya kulungu kabla ya kuthibitisha safari. Bila shaka alidhani nimelewa. Lakini ni mtu mvumilivu, akatuma picha. Ilikuwa picha ya makalio. Mnyama wa kahawia anakimbia kuingia msituni, mkia umesimama juu, mweupe kama leso. Akaeleza kwamba mara nyingi utakachokiona ni hicho tu, weupe ule unakwenda zake, nawe umebaki na baridi yako. Kamati ikaikuza picha ile kwenye televisheni ya kuimbia na kuitafakari huku ikila sambusa.

Mkwe alitoa sharti moja tu la maana: mzee aanze kutembea mlimani amebeba mzigo, taratibu, kila anapopata nafasi, kwa sababu kule hakuna wa kumbebea. Watu wa usafiri walilishughulikia. Walimpeleka mlima Baiyun wa hapa mjini, na mimi nikabururwa niwasemee. Wakampandisha kwa vigari vile vinavyoning'inia kwenye waya. Begi mgongoni lilikuwa limevimba kweli. Nililinyanyua kwa kidole, kumbe ndani kuna mto wa kulalia. Kule juu walimpiga picha amesimama kwenye jiwe, mkono kiunoni, wakazirusha kwenye kundi letu la simu, na watu wakajibu kwa mikono ya kusali na misuli. Alipoanza kushuka kwa miguu, ngazi za saruji zenye vyuma vya kushikia, bibi mmoja wa Kichina mwenye umri wa kulingana na mlima wenyewe alitupita akitembea kinyumenyume huku akijipiga makofi mapajani.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na mzee, wengine wakitafuta maji ya kununua. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, nilimsikia akiongea kama mtu. Alitoa simu akanionyesha mjukuu, amekaa sakafuni na kijiko.

"Dada," akaniuliza, "hivi mtoto wa umri huu anajua watu?"

"Anawajua waliopo," nikamwambia.

Akaitia simu mfukoni. Nilidhani imemwingia. Lakini wenzake walirudi na maji, wakaanza kumsifu pumzi yake, na uso ule wa mtu wa watu ukarudi mahali pake.

Sasa sare. Kwetu shughuli haina uzito bila kitambaa kimoja mwilini mwa wote, na mama wa vipodozi alishaamua rangi siku ile ile ya sampuli. Tulikwenda Zhongda, soko la vitambaa ambalo ukipotea ndani unaweza kutoka umeolewa na una wajukuu. Alitembea na picha ya yale makalio kwenye simu, akiilinganisha na jora baada ya jora. Tuliishia kwenye duka la laoban mmoja, mama mwenye mali, aliyekuwa anakula tambi kwenye bakuli. Kila tulipomwomba atukatie kipande alitikisa kichwa, meiyou, hana vipande, anauza jora zima. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha kahawia, kizito, chenye manyoya kwa mbali, cha aina ambayo mwanadamu huwekea kochi. Mama wa vipodozi akakipapasa akafumba macho. Laoban akaniuliza ni sare za wahudumu wa hoteli? Nikamjibu ni za wawindaji. Alitafuna kwanza, akameza, ndipo akaandika risiti.

Fundi aliagizwa ashone makoti, na nyuma, chini ya kiuno, aweke mkanda mpana mweupe. Nilimuuliza yule mama kwa nini tuvae mkia.

"Harusini rangi inamfuata nani?" akanijibu. "Bibi harusi. Sasa hapa bibi harusi wetu nani? Si kulungu?"

Nilicheka mpaka nikashika jora nisianguke. Nilicheka ubaya wa vazi. Jingine sikuliona, wala yeyote pale hakuliona.

Siku ya kutambulishana na ukweni kwa simu ya video ilipangwa Jumapili asubuhi kabla ya ibada, kwao ikiwa Jumamosi jioni. Kamati yote ilifika imevaa. Walijipanga mistari miwili mbele ya televisheni, warefu nyuma, mzee katikati kwenye kiti chenye kitambaa cha satini ambacho watu wa mapambo hatimaye walipata pa kukitumia. Kwenye kioo akatokea mkwe, mzee mwembamba wa shati la mistari, amekaa jikoni kwa watoto, nyuma yake jiko na birika. Alikuwa peke yake. Alipunga mkono.

Mwenyekiti alifungua kwa hotuba. Alianza na itifaki, akasalimia meza kuu, ambayo kwa upande wa pili ilikuwa ya kulia chakula na ina chupa ya maziwa ya mtoto. Akaeleza historia ya kamati. Akatumia neno la Kiingereza la "wadau" mara nyingi hadi yule mkwe akaanza kuangalia pembeni, labda akidhani wametajwa watu anaopaswa kuwajua. Kisha mzee akaalikwa asimame, ajizungushe, mkwe aone vazi.

Mzee akajizungusha. Mkwe akasogea karibu na simu. Akaomba azunguke tena, polepole. Watu wa mistari miwili wakaanza kutabasamu kwa wasiwasi. Kisha akaniambia mimi, siyo mwenyekiti, na mimi nikawaambia kama alivyosema:

"Anasema nimwambie avue. Siku msimu unapofunguliwa, kwenye ardhi ile kila jiwe lina mtu nyuma yake na bunduki, na hawajuani. Wote wameamka gizani kutafuta rangi hiyo. Wote wanangoja huo weupe wa nyuma. Anasema hata leso nyeupe yeye haibebi. Kila mtu anavaa rangi ya chungwa, ile kali, aonekane ni mtu."

Habari hiyo ilikuwa tamu kwangu, nakiri, kama nyama ya mfupani. Tulikuwa tumekaa vikao vyote vile, tumezunguka Zhongda mpaka visigino vikapasuka, tumemvalisha mzee wa watu ngozi ya windo, tukamtengea na mahali pa kulengwa. Mama wa vipodozi alikuwa wa kwanza kupona. Alisema basi tutoe mkanda. Mwenyekiti yeye aliona tatizo ni la mawasiliano. Alinitaka nimwulize mkwe kama wawindaji wa mlima ule wana kundi lao la simu, tuwatumie picha ya mzee mapema wamfahamu. Sikuuliza. Ukalimani nao una heshima yake.

Hapo binti akatokea, mtoto kiunoni. Alikuwa kasimama mlangoni kwa muda gani, sijui. Aliinama kwenye simu akatazama mstari wa mbele, kisha wa nyuma, kama mtu anayekagua mzigo uliolowa.

"Baba, hawa ni akina nani?"

"Kamati, mama."

"Nilikwambia uje wewe."

"Ni mimi huyu. Ulitaka nije kama mtu asiye na watu?"

Hakuipandisha sauti. "Mimi niliolewa hivyo, Baba. Upande wetu kanisani viti vilikuwa vitupu, na sikutaka kamati, nilitaka mtu mmoja. Ukija na hawa, hata kwa picha, hata kwa matangazo ya simu, usije."

Mtoto alinyoosha mkono kugusa kioo, na simu ikakatika.

Ungetegemea watu waone haya. Hujui kamati. Mwenyekiti alikohoa, akasema watoto wa siku hizi wakifika Ulaya wanasahau, na hakuna aliyemkumbusha Ulaya iko wapi. Mama wa vipodozi akasema binti ana hasira ya unyonyeshaji, itapita. Wakajadiliana kidogo, wakaafikiana kwamba kwa kuwa sare zimeshashonwa na watu wa chakula wameshajipanga, mzee ataagwa uwanja wa ndege kwa heshima zote, na tukio litarushwa moja kwa moja kwenye mtandao ili ukweni wajionee wenyewe kwamba huyu ana watu. Nikawakumbusha kwamba hicho ndicho hasa binti alichokataza, dakika chache zilizopita, kwa Kiswahili fasaha. Mwenyekiti akasema ameupokea mchango wangu. Msomi akikwambia ameupokea mchango wako, ujue ameutupa.

Mzee alivua koti, akalikunja vizuri kama mtu wa nguo anavyokunja, mikono ndani, akaliweka kwenye kile kiti cha satini, akashuka ngazi.

Kesho yake alinifuata stoo. Nilikuwa na vijana wa Kichina tunafunga marobota, akasimama akisubiri mpaka nikaona haya. Alikuwa amempigia binti mwenyewe, hatua aliyoogopa kwa miaka. Aliniambia hawakuongea mengi. Binti alimwuliza swali moja tu, anakuja kwa ajili ya nani, naye alijibu, na binti akasema sawa, lakini nikiona hata picha moja ya watu wale siji kukupokea, utalala uwanjani. Na yeye anamjua binti yake. Angelala uwanjani.

"Dada," akasema, "nataka kuondoka bila kuagwa."

Msiomjua mtu huyu hamtaona uzito wa neno hilo. Huyu ni mtu ambaye akienda kung'olewa jino anasindikizwa. Nilimwangalia, tumbo lote lile, mikono imeshuka, nikaiweka chini kamba ya robota.

Basi nikawadanganya kamati. Ndege ilikuwa ya asubuhi. Nikawaambia ni ya jioni. Uongo kwa kamati siuhesabu na dhambi, nauhesabu na huduma za jamii. Asubuhi ile tulikwenda uwanjani wawili kwa teksi, yeye na begi moja. Ndani ya begi kulikuwa na sweta, dawa zake za shinikizo, kijiko kipya cha mtoto, na kizibao cha rangi ya chungwa alichokinunua mwenyewe kwenye duka la vifaa vya wafagia barabara. Alikijaribu pale pale kwenye foleni, kikagoma kufunga tumboni. Akaniuliza kama bado anaonekana ni mtu. Nikamwambia anaonekana kutoka angani. Akaingia ukaguzini, hakugeuka.

Jioni nilirudi kule kule. Nisingekosa hata kama ningeambiwa najifungua. Walikuwa wamesimama chini ya ubao wa safari, kundi zima la kahawia, kila mmoja na weupe wake nyuma, na Wachina wanaosafiri wamewazunguka wanawapiga picha na watoto wao. Watu wa chakula walikuwa na masufuria yaliyofungwa kwa kanga. Mama wa vipodozi alikuwa anajaribu vigelegele. Mwenyekiti ameshika simu juu, tayari kurusha tukio.

"Mgeni rasmi yuko wapi?" akaniuliza.

"Yupo angani, mwenyekiti. Tangu asubuhi."

Alitazama ubao, akatazama kundi lake. Wakapiga picha hata hivyo, bila mzee, wamejipanga mistari miwili, wakala pilau kwenye viti vya kusubiria abiria mpaka askari akaja kuwaondoa.

Ya Marekani nayajua kwa kusimuliwa na mzee, ambaye kwa kawaida hupamba kunishinda, lakini haya aliyasema makavu. Binti alikuja kumpokea. Mjukuu alipomwona alilia kama amechomwa sindano, na kwa siku nyingi hakutaka kushikwa naye. Mlimani alipanda mpaka mgongo wa kwanza wa jabali, magoti yakakataa. Mkwe hakumbembeleza wala hakumcheka. Alikaa chini karibu naye, bunduki mapajani, wakatazama korongo bila kuongea, jambo ambalo mzee anasema lilimchosha kuliko kupanda. Waliona mkia mmoja, ukaenda zake. Wakashuka mikono mitupu, mezani wakala kuku. Msimu ukaisha, mzee akabaki. Simu za wateja wa jinzi zilikuwa zinaita kwangu.

Alirudi nimeshapakia kontena lake Huangpu, ndani yake yamo makoti yote ya sare na mabaki ya jora, maana hakuna Guangzhou nzima aliyetaka kuonekana nayo tena. Nasikia kwaya moja Kahama inaimba imeyavaa, na imependeza.

Kamati ilikuwa bado ipo. Kwetu kamati haifi yenyewe, lazima ivunjwe, na inavunjwa kwa chakula. Walimwita mzee mgahawani kuvunja kamati. Alikuja amepungua kidogo, kucha zimekatwa fupi. Mwenyekiti alisoma taarifa. Alisema maandalizi yalifanikiwa kwa kiwango kikubwa, kwamba changamoto zilitokana na kukosekana kwa kamati upande wa Marekani, kisha akamgeukia mzee, akamwomba awaeleze wajumbe ameua kulungu wangapi.

"Hatukuua," akasema mzee, akijipakulia kachumbari.

Mwenyekiti alisubiri, akidhani kuna sehemu ya pili. "Sasa, mzee wetu, muda wote huo umekaa kule unafanya nini?"

"Nilikuwa naosha vyombo. Binti yangu anaingia kazini mapema."

Mwenyekiti alinigeukia, kana kwamba hilo nalo lilihitaji mkalimani. Nilimwonyesha kwa kidole asubiri, nina mfupa mdomoni.